Cherehani tatu, mfarishi mmoja: ya kukanyaga, ya kielektroniki au ya mshono mmoja?

Kila anayeniuliza anunue cherehani gani ya kushonea mifarishi ya viraka huanza na swali lile lile: ina mishono mingapi? Hii ya kielektroniki iliyo mezani kwangu ina mishono 60. Nimemaliza nayo mifarishi minne, na nikihesabu bila kujipendelea, nimetumia mishono mitatu: mnyoofu, zigizaga, na ule wa kukamata ukingo wa umbo lililobandikwa juu ya kitambaa. Ile 57 iliyobaki niliijaribu usiku mmoja kwenye kipande cha kanga kuukuu. Majani, mawimbi, vijinyota. Nikafurahi kama mtoto, na tangu usiku ule sijairudia.

Kwa hiyo hapa sitahesabu mishono. Nitalinganisha cherehani tatu nilizokaa nazo na kuzishonea, kwa kutazama kazi ambayo mfarishi wenyewe unaidai. (Nasema mfarishi kwa kuwa ndilo neno letu la zamani la blanketi la matabaka lililopigwa mishono juu hadi chini. Wengine siku hizi wanasema kwilti, nao hawajakosea.)

Ya kwanza ni nyeusi ya kukanyaga, ya mama, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika ubavuni. Ni ya lile umbo mnalolijua wote, lililonakiliwa kutoka Singer ya namba 15 na kuigwa na viwanda vingi vya Asia. Butterfly ya China ni mojawapo. Ya pili ni Brother CS6000i, ndiyo hiyo ya kielektroniki, aliyonitumia dada yangu kutoka Marekani. Huko iliuzwa kwa miaka chini ya dola 200, na mrithi wake CS7000X ana mishono 70. Ya tatu ni Juki TL-2010Q ya rafiki yangu, ambayo nimeishonea mifarishi miwili mizima nyumbani kwake. Hiyo inajua mshono mnyoofu peke yake, na huko Marekani bei yake kwa miaka ilizunguka dola 1,000. Yaani yenye mshono mmoja iliuzwa kama mara tano ya yenye mishono sitini.

Ukielewa kwa nini, umeshaelewa nusu ya jambo. Katika cherehani nyeusi kila mwendo wa sindano umechongwa kwenye chuma. Katika ya kielektroniki, kuna kikompyuta kidogo kinachoiambia sindano iende kulia au kushoto kiasi gani na meno yasukume kitambaa kiasi gani. Teknolojia yenyewe si ngeni: Singer ilitoa Athena 2000 mwaka 1975, na Janome ikaleta Memory 7 mwaka 1979. Mshono ukishakuwa maagizo kwenye kumbukumbu, kuongeza mwingine ni kuongeza maagizo, hakuna chuma kinachoongezeka. Mishono ni rahisi kuuza. Chuma kizito, mota yenye nguvu na nafasi kubwa ya kupitisha kazi ndivyo vinavyogharimu.

Kuunga viraka

Mfarishi una kazi tatu: kuunga viraka, kudarizi matabaka (yaani kuyashona pamoja juu hadi chini), na kutia taraza ukingoni. Hapa nitalinganisha mbili za kwanza. Cherehani inayofaulu ya kwanza inaweza kukuaibisha kwenye ya pili.

Viraka huungwa kwa mshono ulio robo inchi kutoka ukingoni, yaani milimita 6.35. Fundi aliyezoea magauni atacheka, kwa sababu kwenye gauni milimita moja si kitu. Hebu piga hesabu: safu ya viraka 12 ina mishono 11. Ukizidisha milimita moja, kila mshono unakula milimita mbili, moja kila upande. Mwisho wa safu umepoteza zaidi ya sentimita mbili, na safu ya jirani uliyoishona vizuri haitakutana nayo kabisa. Mfarishi wangu wa kwanza ulitoka na kiuno.

Kwa hiyo kabla ya kukata hata kiraka kimoja, najaribu cherehani yoyote ngeni hivi: nakata vitambaa vitatu vyembamba vyenye upana wa inchi moja na nusu, naviunga ubavu kwa ubavu, napiga pasi. Cha katikati lazima kibaki inchi moja kamili. Kikipungua, mshono ni mnene. Kikizidi, mshono ni mwembamba. Nakirekebisha hapo hapo na kuandika kipimo kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Kwenye jaribio hili nyeusi ya mama iliishinda ya kielektroniki, na sikutarajia. Tundu la bati lake la sindano ni dogo na la mviringo, linapitisha sindano tu. Kona ya kiraka cha pembetatu haina pa kuzamia. Kwenye ya kielektroniki tundu ni mfereji wenye upana wa milimita 7, kwa ajili ya zigizaga, na kona nyembamba ya kanga humezwa humo, ikakunjwa na kutafunwa kabla hujaondoa mguu kwenye kanyagio. Zile kubwa zaidi zenye zigizaga ya milimita 9 ndizo mbaya zaidi kwa hili, ingawa matangazo hutaja upana huo kama sifa. Dawa yake ni kuanza kila safu kwenye kipande cha kitambaa kisicho na kazi, kisha kuingiza kiraka nyuma yake bila kukata uzi. Baadhi ya kampuni huuza bati lenye tundu moja la kubadilisha. Ukilifunga, kumbuka kwamba baadhi ya cherehani hizi zikiwashwa huanza na sindano ikiwa upande wa kushoto, na sindano hiyo itagonga bati na kuvunjika karibu na jicho lako.

Si mimi peke yangu niliyegundua hili. Washonaji wa mifarishi wa Marekani bado wanazisaka Singer Featherweight 221, cherehani ndogo ya kilo 5 iliyotoka mwaka 1933 na inayojua mshono mnyoofu tu. Wana pesa ya kununua chochote, na wanaununua mshono mmoja wa bibi zao.

Ya kielektroniki ina jibu lake, hata hivyo. Ukisimama, sindano inabaki chini ndani ya kitambaa. Kwa mtu wa gauni ni raha ndogo. Kwa mtu wa viraka ni mkono wa tatu: unainua mguu wa cherehani, unageuza kona, unashusha, unaendelea, na hakuna kilichosogea. Kwenye nyeusi ilibidi kila mara nipeleke mkono kwenye gurudumu. Tena ya kielektroniki ina kidhibiti cha mwendo cha kusukuma kwa kidole, kwa hiyo hata ukikanyaga kwa hasira haitapita kasi uliyoipanga. Anayeanza aipange katikati na kuiacha hapo mwezi mzima.

Juki inazipita zote mbili hapa. Ina tundu dogo, sindano hubaki chini, na ukikanyaga kwa kisigino uzi unakatika wenyewe. Ukiunga viraka mia tatu kwa siku, huko kukata uzi peke yake kunakuokolea muda mwingi. Lakini kwa mifarishi miwili kwa mwaka, dola 1,000 za kukata uzi ni anasa.

Kudarizi matabaka

Hapa ndipo watu huvunjika moyo, na ndipo cherehani huonyesha asili yake.

Juu una viraka ulivyounga, katikati una pamba, chini una bitana. Mimi bitana yangu ninayoipenda ni kanga nzima: ina kama sentimita 150 kwa 110, inatosha mfarishi wa mtoto bila kiungio, na jina lake linabaki likisomeka upande wa pili. Pamba ya kati ya dukani ikikosekana, blanketi jembamba la mtumba linafaa, mradi liwe jembamba kweli. Nilijaribu mara moja lenye manyoya na mguu wa cherehani haukuinuka vya kutosha hata kulipokea.

Sasa matabaka hayo matatu lazima yapite chini ya sindano, na sehemu kubwa ya mfarishi lazima ipite kulia, katika nafasi iliyo kati ya sindano na mwili wa cherehani. Nafasi hiyo mimi naiita kwapa. Kwapa la CS6000i lina upana wa karibu sentimita 16. La nyeusi ya mama ni karibu 20. La TL-2010Q ni kama 22, tena lina kimo cha sentimita 15 hivi. Chukua mfarishi wa kitanda wenye upana wa sentimita 150: ukishona mstari wa katikati, sentimita 75 za matabaka zimekunjwa na kusukumwa kwapani. Kwenye Juki unasokota kama mkeka na kazi inaenda. Kwenye ile ndogo unapigana mieleka, na kila unapovuta, mishono inafupika.

Uzito nao una lake. CS6000i ina karibu kilo 6, na ndiyo sababu nilifurahi kuibeba. Usiku ule wa kwanza wa kudarizi, mfarishi ulipoanza kuteleza ukingoni mwa meza, uliivuta cherehani nzima kuelekea sakafuni. Juki ina kilo 11 na nusu, haitikisiki. Nyeusi, ikiwa imefungwa kwenye miguu yake ya chuma, ukiisukuma wewe ndiye utakayesogea. Kwa ile nyepesi, sogeza meza ya pili kushoto na nyuma ili mfarishi ulale, usining'inie. Sanduku la CS6000i huja na meza yake ndogo ya kupachika. Iweke, usiiache stoo kama nilivyofanya mimi mwanzoni.

Kosa la pili linalotesa wengi ni matabaka kusafiri kwa mwendo tofauti. Meno ya chini yanasukuma bitana, mguu wa juu unabana viraka, na ukifika mwisho wa mstari kuna mkunjo wa aibu. Dawa ni mguu unaotembea: mguu wenye meno yake mwenyewe, unaopiga hatua pamoja na meno ya chini. Kampuni ya Pfaff iliijenga kazi hiyo ndani ya cherehani zake tangu 1968. CS6000i inakuja nao sandukuni, na kwangu hicho ndicho kitu cha thamani kuliko mishono yote 60. Ukinunua cherehani nyingine isiyo nao, uliza kwanza kama shingo ya kufungia mguu ni fupi au ndefu, maana mguu wa moja hauingii kwenye nyingine.

Kudarizi huru, ambako meno hushushwa na mikono yako ndiyo inayosukuma kitambaa kuchora mizunguko, ni habari nyingine. Tusisahau kwamba kuna mafundi wanaochora maua na majina kwa cherehani za kukanyaga, kitambaa kikiwa kimebanwa kwenye duara la mbao. Kwa hiyo nyeusi inaweza, kama ina kifundo cha kushusha meno. Lakini inataka miguu yenye mwendo sawasawa huku mikono ikifanya jambo jingine, na hilo ni umri wa kujifunza. Kwenye ya kielektroniki kasi haibadiliki, ubongo unabaki na kazi moja. Nilichora mizunguko inayokubalika baada ya wiki mbili. Kwenye ya mama nilijaribu ujana wangu wote na nikaishia kuchora mayai.

Juki inafika mishono 1,500 kwa dakika, CS6000i 850. Kwa mfarishi mwendo wote huo sijawahi kuuhitaji. Tofauti niliyoihisi ni nguvu: kwenye makutano ya mishono minne ya kitenge, Juki inapita kama haijaona kitu, na ile ndogo inaguna. Ikiguna, zungusha gurudumu kwa mkono mishono miwili mitatu, usiilazimishe.

Umeme

Hili halimo kwenye ulinganisho wa Wamarekani kwa sababu kwao si tatizo. Kwetu ndilo linaloweza kumaliza mjadala.

Cherehani iliyonunuliwa Marekani imeandikwa volti 120. Umeme wa Tanzania ni volti 230, wa Kenya 240. Ukiichomeka ukutani kama ilivyo, utasikia mlio mmoja na utakuwa umemaliza. Soma kibandiko chini ya cherehani au kwenye kanyagio kabla ya jambo lolote. Wauzaji wa Kariakoo na wa mtandaoni wana za mtumba kutoka Japani pia, na Japani ni volti 100, chini zaidi. Kibadilisha umeme cha kushusha hadi volti zilizoandikwa kwenye kibandiko kinahitajika, na si cha kuchajia simu. Cha kwanza nilichonunua duka moja la mjini kilikuwa na maandishi makubwa ya wati na tumbo jepesi. Baada ya nusu saa kilinuka. Cha pili ni kizito kama tofali na hadi leo ni baridi. Nimejifunza kuvipima kwa mkono.

Kama unanunua mpya na unaishi Afrika Mashariki, tafuta toleo la volti 220–240 na uachane na hadithi hii yote. Afadhali modeli yenye jina tofauti na ile uliyoiona kwenye video, kuliko ile ile inayodai kibadilisha umeme maisha yake yote.

Halafu kuna kukatika. Nyeusi haijui habari hizo. Umeme ukikatika saa mbili usiku, mama anasogeza taa ya sola na kuendelea. Ya kielektroniki inasimama sindano ikiwa ndani ya kitambaa, na hatari yake hasa ni umeme unaporudi kwa kishindo. Izime na uchomoe plagi, ukae hadi utulie. Wanaotumia betri na inveta watafute inayotoa wimbi safi. Zile za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi ngazi ambalo vifaa vya kielektroniki havilipendi. Juki nayo inataka umeme, kwa hiyo hapa haina la kujivunia.

Kuzoeana nayo

Aliyetoka kwenye nyeusi ana mazoea ambayo ya kielektroniki itayakataa, na ni vizuri ujue mapema kabla hujailaumu.

Mafuta: nyeusi hulishwa kila wiki. CS6000i, kwa maelekezo ya kijitabu chake, hailishwi na mwenye nyumba hata tone. Fundi wa mtaani akija na chupa yake, mshukuru, umpe chai. Kinachotakiwa ni brashi: fungua bati, toa vumbi la uzi chini ya meno kila umalizapo bobini tatu nne, hasa ukidarizi, kwa sababu pamba ya kati humwaga nyuzi kuliko kitambaa. Juki ni tofauti, hiyo inadai mafuta.

Bobini: hapa nilipotea siku mbili. Bobini za chuma za cherehani nyeusi zinalingana kwa macho na za plastiki za Brother, zinaingia, na zinashona vibaya. Uzi wa chini unakuwa na viota. Brother inataka za plastiki zenye kimo cha milimita 11.5. Nunua kumi kwa mpigo na uzifiche watoto wasizione.

Sindano: kwa bahati njema, zile za HAx1 zinazouzwa kila duka la nyuzi, zenye ubavu mmoja bapa, zinaingia kwenye nyeusi na kwenye Brother vilevile, paketi za Ulaya huziandika 130/705H. Zile za DBx1 za cherehani za kiwandani zina shina la mviringo, hazifai. Kwenye nyeusi uzi huingia tundu la sindano kutoka ubavuni, kwenye ya kielektroniki kutoka mbele, na ubavu bapa unaelekea nyuma. Ukikosea, hakuna mshono kabisa. Kwa kuunga natumia namba 80, kwa kudarizi 90. Kitenge cha nta kimefumwa kwa kubana, kinataka ncha kali. Kifue kwanza kwa maji ya moto kitoe gundi na kusinyaa mapema, na kanga nyekundu ifuliwe peke yake kabla haijauharibu mfarishi mzima. Badilisha sindano kila baada ya saa nane hivi za kushona. Najua, sisi huwa tunasubiri ivunjike.

Kioo: ukiona herufi na namba ngeni zimetokea na cherehani imegoma, usiogope. Kwangu mara nyingi uzi umejikaza chini ya bati. Zima, fungua, toa uzi, washa. Na ukitia uzi wa juu, mguu wa cherehani uwe umeinuliwa. Ukiwa chini, visahani vya mkazo vimefungwa, uzi haukai ndani, na utashinda ukizungusha kidhibiti cha mkazo ambacho hakina kosa.

Ikiharibika

Nyeusi hutengenezwa na fundi yeyote, chini ya mti, kwa bisibisi moja. Mkanda wa ngozi umekatika, unaununua kwa mita. Juki ya aina ile ina umbile la karibu na la kiwandani, na mafundi wa viwanda vya nguo wanaisoma upesi. Ya kielektroniki ikiungua ubao wake wa ndani, bei ya ubao pamoja na kuusafirisha inaweza kukaribia bei ya cherehani. Sikufichi hilo. Ndiyo maana nasisitiza habari ya umeme kuliko habari ya maua.

Kwa ufupi wa macho, nimeviweka hivi:

| | Nyeusi ya kukanyaga | Brother CS6000i | Juki TL-2010Q |
|---|---|---|---|
| Mishono | 1 | 60 | 1 |
| Kwapa | karibu sm 20 | karibu sm 16 | karibu sm 22 |
| Kasi kwa dakika | miguu yako | 850 | 1,500 |
| Kuunga viraka | vizuri sana | vizuri, ukizoea | bora |
| Kudarizi mfarishi wa kitanda | kwa fundi mzoefu | kwa vipande | bila taabu |
| Kushikiza nakshi kwa zigizaga | haiwezi | ndiyo | haiwezi |
| Bila umeme | ndiyo | hapana | hapana |

Basi uchukue ipi?

Kama mfarishi wako ni wa watoto wachanga na mito, na unataka pia kushona nguo za nyumbani, matundu ya vifungo na nakshi za kubandika, chukua ya kielektroniki ya daraja hili. Kwapa dogo halitakusumbua kwa mfarishi wa mita moja. Ukitaka wa kitanda, darizi vipande vitatu vilivyo na matabaka yao kamili, kisha uviunge mwishoni; mimi hufanya hivyo na hakuna mgeni aliyewahi kugundua.

Kama unashona kwa biashara, mifarishi ya vitanda kwa ajili ya wageni wa hoteli au wateja wa ng'ambo, nenda moja kwa moja kwenye ya mshono mmoja yenye kwapa kubwa. Zigizaga utaipata kwa jirani. Usianze na ya kielektroniki ndogo kwa nia ya kuhama baadaye, utalipa mara mbili.

Na kama tayari kuna nyeusi nyumbani, usiiuze kununua yoyote kati ya hizo. Ibandike kipande cha tepu robo inchi kutoka kwenye sindano kama alama, uunge viraka juu yake, na ya kielektroniki uifanye ya kudarizi. Ndivyo tunavyoishi sisi, isipokuwa kwamba zamu zimegeuka. Magoti ya mama hayawezi tena kukanyaga. Siku moja nilichomoa kanyagio la ile ya kielektroniki, maana ikiwa halijachomekwa unaweza kuanza na kusimama kwa kitufe cha kidole, nikamwekea kiti. Aliitazama kwa dharau, akabonyeza, akaondoa mkono kwa mshtuko, akabonyeza tena. Sasa yeye ndiye mwenye cherehani ya kompyuta, na mimi ndiye ninayekanyaga.

Ukienda dukani, usikubali kuijaribu cherehani kwenye kile kitambaa chao cha pamba chembamba. Hicho kila cherehani inakishona. Beba cha kwako: kitenge, kipande cha blanketi, na kanga, umevipiga bandi pamoja, na katikati uwe umeweka makutano ya mishono minne. Pitisha hapo polepole, kisha kwa kasi, kisha simama juu ya makutano yenyewe na uanze tena. Geuza utazame mshono wa chini. Muuzaji akikwambia cherehani hii haijatengenezwa kwa vitu vinene, mshukuru kwa ukweli wake, na uendelee na duka linalofuata.